Wasomaji Wasioinua Macho

Katika picha zote za wasomaji ninazozijua, hakuna mlafi wa vitabu kumshinda mzee wa Carl Spitzweg, mchoraji wa Kijerumani, aliyemchora mnamo 1850 hivi. Mzee kapanda ngazi hadi juu kabisa. Kitabu kimoja kinakaribia kumgusa pua, cha pili kiko mkono wa pili, cha tatu kakibana kwapani, cha nne kati ya magoti. Leso inaning'inia mfukoni. Akiteleza hana hata kidole cha kujishikilia, na wala hana habari.

Kwa ukongwe namtaja Sappho, mshairi wa Kigiriki, aliyechorwa kwenye mtungi ulioko Athens, wa miaka ya 440 hadi 430 kabla ya Kristo. Mwenzake anamnyooshea kinubi. Yeye kazama kwenye gombo lake.

Aliyeng'ang'ania kitabu hata baada ya kufa ni Malkia Eleanor wa Aquitaine, aliyefariki 1204. Katika abasia ya Fontevraud, Ufaransa, sanamu ya kaburi lake imelala chali na kitabu kilichofunguliwa. Mumewe, Henry II wa Uingereza, yuko papo hapo na fimbo ya ufalme. Mama huyu aliwahi kuwa malkia wa nchi mbili, na mume huyohuyo alimweka kizuizini miaka 15 hivi. Hata hivyo alichopewa kushika ni kitabu, na sasa imepita miaka 800.

Kwa bei, binti anayesoma wa Osman Hamdi Bey, Mturuki, picha ya 1880, alinunuliwa mnadani London mwaka 2019 kwa zaidi ya pauni milioni 6. Kazi yoyote ya mchoraji huyo haikuwa imefika hapo.

Lakini taji la wote nampa msichana wa Jean-Honoré Fragonard, wa 1769 hivi, aliyeko Washington. Gauni ni la manjano, mto mkubwa uko mgongoni, na kitabu ni kidogo kiasi kwamba anakishika kwa mkono mmoja, kidole cha mwisho kikiwa kimenyooka. Eksirei zimeonyesha kwamba chini ya rangi kuna sura nyingine, iliyokuwa ikimkazia macho mtazamaji. Fragonard aliifunika, akachora msichana aliyegeukia kitabu chake, asiyejali kama kuna mtu anamtazama. Wachoraji wengi wa picha za watu wasingethubutu kuyaacha macho yale.