Je, Wajua? Mashine ya Kutembea Bila Kufika

Je, wajua kwamba eliptiko, ile mashine ya kukanyaga pedali mbili huku mikono ikivuta na kusukuma vishikio, ilianza kuuzwa mwaka 1995 tu? Kampuni ya Precor ya Marekani ndiyo iliyoitoa. Mashine ya kukimbilia mkanda ina ukoo mrefu zaidi: inatokana na gurudumu la kukanyagwa na wafungwa wa Uingereza, alilobuni mhandisi William Cubitt mwaka 1818. Siku hizi watu hulipa ili waadhibiwe.

Je, wajua kwamba juu ya eliptiko unyayo hauachi pedali? Anayekimbia, kila mguu unapotua, hupokea kishindo cha mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Kwenye eliptiko kishindo hicho hakipo, ndiyo maana wenye magoti mabovu huipenda. Hasara ni kwamba mifupa hukomaa kwa kushtuliwa. Anayetegemea eliptiko peke yake aongeze zoezi la kubeba uzito.

Je, wajua kwamba ipo eliptiko ya barabarani, yenye magurudumu mawili na isiyo na kiti? Meb Keflezighi, mzaliwa wa Asmara, Eritrea, aliitumia katika mazoezi ili kuipunguzia miguu adha ya lami. Tarehe 21 Aprili 2014 alishinda marathoni ya Boston kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 37, akiwa amebakiza wiki mbili kutimiza miaka 39.

Je, wajua kwamba mvuvi wa Ziwa Tanganyika anaweza kumpita mtu wa jimu? Hapa sikiliza vizuri. Orodha ya mwaka 2011 ambayo watafiti huitumia kupima kazi za mwili inasema anayekanyaga eliptiko kwa kiasi hutumia nguvu mara 5 ya mtu aliyekaa kimya. Anayepiga kasia kwa mwendo wa kilomita 6 na nusu hadi 9 na nusu kwa saa hutumia mara 5.8. Kuruka kamba hatua 100 hadi 120 kwa dakika ni mara 11.8, na kamba inapatikana kila mahali. Tena mvuvi hurudi na ndagala. Mtu wa jimu hurudi na jasho.

Je, wajua kwamba eliptiko nyingi hazihitaji umeme wa ukutani? Miguu yako ndiyo inayowasha kioo, kwa hiyo SNEL, shirika la umeme la Kongo, wakikata, unaendelea. Ila usitegemee kuwasha mji: mtu mwenye afya hutoa wati 100 hivi kwa saa nzima. Kituo cha umeme cha Bendera kwenye mto Kyimbi, katika eneo la Kalemie, kiliundwa kutoa megawati 17.2. Hao ni watu 172,000 wakikanyaga pamoja bila kupumzika!

Sasa tuje kwenye uzito, maana hapo ndipo wengi wanapouziwa ndoto. Je, wajua kwamba mtu wa kilo 70, akikanyaga nusu saa kwa kiasi, hutumia kalori 175 hivi? Hizo ni gramu 50 za unga wa muhogo, yaani matonge machache ya bukari. Chupa ya bia ya sentilita 72 ina kalori karibu 300. Akiifungua baada ya mazoezi amepitiliza. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kalori 7,700 hivi. Piga hesabu: nusu saa 44, mradi chakula kisiongezeke. Na mazoezi huleta njaa.

Je, wajua kwamba kioo cha mashine nacho hutia chumvi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walipozipima mashine za mazoezi, eliptiko iliongoza kwa kuzidisha: kalori asilimia 42 zaidi ya zile zilizotumika kweli.

Je, wajua kwamba Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao wanaume wao hutembea kilomita 11 hivi kwa siku wakiwinda, hawatumii kalori nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya, ukishalinganisha ukubwa wa miili? Herman Pontzer na wenzake walilitangaza hilo mwaka 2012. Inaelekea mwili ukifanya kazi nyingi hubana matumizi kwingine. Kwa hiyo kiuno hupunguzwa zaidi na sahani kuliko na pedali.

Moyo na mapafu, hapo eliptiko haina deni. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kiasi kwa wiki, na halijali ni mashine, kasia au jembe. Ukiipata eliptiko mjini, usijiegemeze kwenye vishikio, ongeza ugumu kidogo kidogo, uhesabu dakika na kuachana na kalori za kioo. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.