Asili ya Jina la Taxila

Magofu ya Taxila yako karibu na Rawalpindi, nchini Pakistan. Jina hilo ni la Kigiriki. Kwa Kisanskriti mji huitwa Takshashila, na kwa Kipali Takkasila. Sehemu ya pili, shila, ni jiwe au mwamba. Utata umo katika sehemu ya kwanza. Liko shina la kitenzi taksh-, lenye maana ya kuchonga, na hivyo baadhi husema jina ni "jiwe lililochongwa". Ramayana, kwa upande wake, hulinasibisha na Taksha, mwana wa Bharata, anayesemekana kutawala huko. Ingawa mara nyingi mwasisi wa namna hii huzaliwa na jina lenyewe.

Faxian, mtawa wa Kichina aliyezuru nchi hizo yapata mwaka 400 B.K., alifasiri "kichwa kilichokatwa", kwa kuwa Buddha, katika maisha yake ya awali, alitoa kichwa chake sadaka hapo. Tafsiri hiyo yataka shiras, "kichwa", mahali pa shila. Ni kweli kwamba katika Kimagadhi r hugeuka l. Lakini Kigandhari, lugha ya eneo lenyewe, kilihifadhi r. Tena Wagiriki waliofika na Alexander mwaka 326 K.K., karne saba kabla ya mtawa huyo, walisikia l.

Hata hivyo "jiwe lililochongwa" nalo lina kikwazo chake. John Marshall alichimba magofu hayo kuanzia 1913 hadi 1934, na kuta za Bhir, mji wa zama za Alexander, zimejengwa kwa mawe ghafi yasiyochongwa.