Mchoraji, Fungua Dirisha Hata Julai

Ukungu wa Julai unapotanda juu ya miti ya City Park na Msitu wa Karura, wakazi wengi wa Westlands hufunga madirisha. Mchoraji naye hutoa brashi. Mandhari yenyewe haina makuu: kijivu kingi, kijani kilichofifia, na watu wawili watatu njiani, kila mmoja mguso mmoja tu wa brashi.

Lakini rangi ya mafuta huyeyushwa kwa tapentaini, na mvuke wake katika chumba kilichofungwa huleta kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya kichwa. Mimi niliwahi kudhani nina malaria, kumbe ni kopo lililoachwa wazi kando ya kitanda!

Iangalie pia rangi nyeupe, maana ukungu huila nyingi. Nyeupe ya kale ilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Soma maandishi kabla ya kununua, uchague nyeupe ya titaniamu. Na ile tabia ya kuchonga ncha ya brashi kwa mdomo, iache.

Matambara yenye mafuta ya kitani yasirundikwe, kwani yaweza kuwaka yenyewe. Yaloweshe maji, uyatie katika mkebe wa bati wenye kifuniko.

Baridi ikizidi, tumia rangi ya maji: ukilowesha karatasi kwanza, ukungu hujitandaza wenyewe. Jiko la makaa lisiingie chumbani kamwe. Aliyelemewa na mvuke atolewe nje upesi, na asipopata nafuu apelekwe hospitalini.