Mtumba wa seva: Prosesa ni mali safi, bodi ndiyo kamari

Kisanduku kilifika kutoka Uchina baada ya wiki tatu, kimezungushiwa selotepu ya manjano pande zote. Rafiki yangu, ambaye huhariri video za harusi katika chumba kimoja mtaani Kayole, alikuwa amelipa kama Sh11,000. Ndani mlikuwa na madabodi mpya, prosesa ya Xeon iliyotumika na vijiti viwili vya RAM. Usiku huo aliunganisha kila kitu, akabonyeza swichi. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi tititi.

“Buda, nimeliwa,” akanipigia saa sita usiku.

Hakuwa ameliwa. Lakini ilimchukua siku tatu kujua hivyo, na harusi mbili zilikuwa zinamsubiri.

Kama umewahi kutafuta kompyuta ya bei nafuu mtandaoni, bila shaka umekutana na hizi seti. Zinaandikwa “X99” kwa herufi kubwa, halafu bei inayokufanya usome mara mbili. Chukua Xeon E5-2680 v4. Intel iliizindua mwaka wa 2016 kwa bei rasmi ya dola 1,745. Ina viini 14 na inashughulikia kazi 28 kwa mpigo. Leo unaipata kwa chini ya dola 30.

Wengi hudhani ni feki. Mara nyingi sivyo. Vituo vya data hubadilisha seva kila baada ya miaka michache, kwa sababu mashine mpya inafanya kazi nyingi zaidi kwa umeme uleule. Zile za zamani hufunguliwa, prosesa zikauzwa kwa jumla. Ni mtumba tu, jinsi koti lililovaliwa ughaibuni linavyofika Gikomba likiwa bado koti. Tena prosesa haichakai haraka. Haina sehemu inayozunguka, na kule kwenye seva ilikaa kwenye chumba chenye baridi ikipulizwa na feni mchana na usiku.

Shida iko kwenye bodi.

Bodi asilia za seva ni kubwa, zina maumbo ya ajabu na haziingii kwenye kasha la kawaida. Kwa hivyo viwanda vya Uchina, vya majina kama Huananzhi na Machinist, vikaanza kutengeneza bodi mpya za kuzipokea prosesa hizi. Ubao ni mpya, ila chipseti, ile chipu inayosimamia mawasiliano ya vifaa, mara nyingi imebanduliwa kutoka bodi nzee. Na hilo jina X99 lisikuhadae. Hiyo ilikuwa chipseti ya Intel ya mwaka wa 2014 ya kompyuta za bei ghali. Chini ya maandishi hayo unaweza kukuta B85, H81 au Q87, zilizoundwa kwa kompyuta za kawaida za nyumbani na ofisini. Zinafanya kazi, lakini nafasi za diski na USB zinapungua, kompyuta ikilala huenda isiamke, na BIOS mpya usiitarajie.

Mimi binafsi nitazama kwanza sehemu ya umeme, pale kando ya soketi. Prosesa hii inaweza kula wati 120, na ule umeme wa volti 12 lazima ushushwe hadi karibu volti 1.8 kabla haujaingia. Kazi hiyo huzalisha joto. Bodi ya bei ya chini kabisa huziacha chipu zake za umeme uchi, bila hata kipande cha alumini juu yake. Ukiiona hivyo kwenye picha, pita. Ongeza elfu moja au mbili upate yenye vipoza joto.

Turudi Kayole. Skrini ilikuwa nyeusi kwa sababu moja rahisi: Xeon za E5 hazina grafiki ndani. Kama hujaweka kadi ya grafiki, hakuna picha, na muuzaji hakuwa amelitaja hilo popote. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue alimwazima kadi kuukuu, picha ikaja papo hapo. “Hii kitu ni nzima, kijana. Ni wewe ulikuwa hujaipea macho,” akamwambia.

Furaha haikudumu. Kompyuta iliona kijiti kimoja tu cha RAM kati ya viwili. Kwenye bodi hizi, pini ziko ndani ya soketi, nyembamba kama unywele, na moja ilikuwa imelala. Fundi aliinyanyua kwa sindano huku akiitazama kupitia kamera ya simu. Kijiti cha pili kikaonekana. Angemwandikia muuzaji kudai pesa, angeulizwa ushahidi kwamba si yeye aliyeikunja, na hakuwa nao. Wewe rekodi video unapofungua kisanduku, bila kukata, hadi soketi ionekane vizuri. Wala usibonyeze kwamba umeridhika kabla mashine haijafanya kazi siku kadhaa.

Je, ilimfaa? Kwa kazi yake, ndiyo. Kutoa video iliyokamilika hutumia viini vyote, na harusi iliyokuwa ikimkesha sasa inaisha kabla ya chakula cha jioni. Ila video za simu zilikwamakwama alipokuwa akizikata, kwa vile prosesa hizi zinakosa kile kisaidizi cha video kilicho kwenye Intel nyingi za kawaida. Ilibidi anunue GTX 1650 ya mtumba, na kadi hiyo ilimtoka pesa kuliko seti nzima. Pia pawasapulai iliyokuja na kasha lake aliitupa.

Kama unataka gemu tu, achana nayo. Core i3-12100F yenye viini vinne itaiacha nyuma kwenye gemu nyingi, maana gemu hutaka kasi ya kila kiini kuliko wingi wa viini. Na ile RAM ya seva, ya aina ya “registered”, usidhani utaiuzia jirani siku moja. Haiwaki kwenye kompyuta za kawaida.

Halafu kuna tokeni. Mashine ikitumia wati 100 zaidi ya ile ya zamani kwa saa nane kila siku, hizo ni yuniti 24 za ziada kwa mwezi. Rafiki yangu analipa nyumba yenye mita moja kwa wapangaji wanne, na tayari wawili wameanza kuuliza.

Bodi yenyewe ameiwekea feni ndogo, imefungwa kwa waya kando ya soketi. Hajui itadumu miaka miwili au miezi miwili. Kwenye M-Pesa yake kuna Sh5,000 ambazo hazigusi. Ni za bodi nyingine.