Duka Lisilo na Mlango

Mwenye duka la mtaani hana budi kuamka. Asipofungua, jirani huuliza kulikoni, mwenye kuleta mkate hugonga akaondoka, na mtoto aliyetumwa sukari hurudi kwao na habari kwamba leo kumefungwa. Duka la mtandaoni halina mlango wa kumshitaki mwenyewe. Laweza kufungwa siku tisa na mtaa mzima usijue, na wenye duka wakaendelea kujihesabu kuwa wako kazini. Tunasema siku tisa kwa sababu ndizo zetu.

Sisi ni mawifi wawili wa Mombasa, na twapika achari na mabuyu katika jiko moja hapa Mji wa Kale. Maembe mabichi, ndimu na pilipili twanunua Marikiti. Picha twaziweka katika WhatsApp, mzigo hupanda basi la usiku, na malipo huja kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwetu mwaka 2007. Pasi na hiyo, jiko kama letu lisingeweza kumuuzia mtu wa Nairobi wala wa Garissa. Faida yake ndiyo ilipayo karo ya watoto watatu. Kwa hivyo habari hii ya kuahirisha, ingawa wengi huifanyia mzaha, nyumbani kwetu ina bei.

Ilianza kwa mteja mmoja wa Nairobi. Makopo yake yalifika yamevuja, na mafuta ya achari yalikuwa yameloanisha kanga zilizofungwa katika mzigo huo huo. Akatuletea picha na maneno matatu manne makali, na haki alikuwa nayo. Tuliyasoma maneno yale juu ya kioo cha simu bila kuyafungua, ili zile alama mbili za buluu zisije zikatuumbua. Tukaambiana kwamba tutamjibu kesho, tukiwa tumetulia.

Kesho yake tuliosha mitungi yote. Siku iliyofuata tulipanga upya mapipa ya mabuyu, kisha tukashinda siku mbili tukichagua rangi mpya ya karatasi ya kubandika juu ya makopo. Hatukukaa bure hata siku moja, na hapo ndipo penye hila ya jambo hili. Kwa kuwa kuifungua WhatsApp kulikuwa na maana ya kuliona jina la yule bibi, tuliikimbia WhatsApp yote. Mama wa nyumba yetu, ambaye kwa mmoja wetu ni mzazi na kwa mwingine ni mavyaa, ndiye aliyetuuliza: "Wanangu, yule kijana wa pikipiki achukuaye mizigo, mbona haji tena?"

Siku ya kumi tulifungua. Tulikuta ujumbe kumi na tatu. Mmoja ulitoka kwa mtu wa Malindi aliyetaka makopo sitini kwa ajili ya harusi. Alikuwa ameandika siku ya pili. Siku ya sita alikuwa ameandika tena, kwa adabu, kwamba amekwisha kupata kwengine.

Tulijiita wavivu kwa muda mrefu baada ya hapo, na jina hilo halikutusaidia lolote. Methali ya ngojangoja tuliifundishwa tungali wadogo, wala haikutuzuia. Kilichotufumbua macho ni kusoma kazi za wataalamu wa saikolojia. Mwaka 2013 Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika kwamba mwenye kuahirisha aghalabu haikimbii kazi yenyewe. Huikimbia hisia mbaya iliyoshikamana na kazi ile, iwe hofu, aibu au uchovu wa moyo. Akapata nafuu ya saa moja, na deni akamwachia yeye mwenyewe wa kesho. Tuliposoma hayo tuliikumbuka mitungi yetu iliyong'ara.

Pychyl huyo huyo, pamoja na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada, alikuwa ameonyesha mwaka 2010 kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa na mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha walipojiandaa na wa pili. Jambo hili huwaudhi wazee wetu, waonao kwamba mkosa hana budi kujilaumu. Sisi tumeliona kuwa kweli: kila tulivyojilaumu, ndivyo simu ilivyozidi kuwa nzito.

Tiba yetu tuliipata kwa Mjerumani Peter Gollwitzer. Katika miaka ya 1990 yeye na mwenzake waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika wakati wa sikukuu. Waliotaja mapema watakaa wapi na saa ngapi kuiandika, zaidi ya theluthi mbili waliimaliza kwa wakati. Wasiotaja, karibu theluthi moja tu. Nia peke yake huelea, na hutua inapofungwa kwenye jambo ambalo litatokea tu, tutake tusitake.

Mwanzo tuliifunga kwenye kengele ya simu, na kwa muda wa wiki moja vidole vyetu vilijifunza kuinyamazisha. Ndipo tukachagua Adhuhuri. Adhana haina kitufe, na kwetu huku karibu na ikweta wakati wake hausogei sana mwaka mzima. Husikika pia siku ambazo mmoja wetu ana udhuru. Mswala ukishakunjwa, simu hufunguliwa, na ujumbe unaotuchukiza zaidi ndio wa kwanza kujibiwa, hata kama jibu ni sentensi moja ya kuomba radhi na kuahidi saa. Maswali ya bei na nauli tumeyaandikia majibu tayari katika WhatsApp Business, ili nguvu zibakie kwa yale magumu.

Daftari letu nalo tumelibadilisha. Zamani tuliandika mauzo peke yake, na baada ya Idi, maagizo yapunguapo, kurasa tupu zilituvunja moyo tukaacha hata kupiga picha. Sasa safu ya kwanza ni idadi ya waliojibiwa. Kununua ni hiari ya mteja; kujibu ni kazi yetu, na katika mwezi mkavu safu hiyo ndiyo ituamshayo.

Yule bibi wa Nairobi tulimwandikia, tukamrudishia fedha za makopo na za kuoshea kanga. Alijibu neno moja, "Nimepokea," na hajanunua tena tangu hapo. Makopo sasa twayafunga kwa utepe na kuyalaza wima katika sanduku.

Tunaandika haya asubuhi, achari ya ndimu ikiwa juani. Katika simu mna ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa mtu wa Lamu ambao hatujausikiliza, na Adhuhuri imekaribia.