Macho ya mathe ni makubwa, kumbe ni madogo

Watu wengi kwetu Kayole wanamjua mathe kwa miwani yake. Ni fundi wa nguo, kibanda chake kiko karibu na steji, na miwani ni nzito kama kitako cha chupa ya soda. Ukimtazama, macho yanaonekana makubwa ajabu. Watoto wa ploti walikuwa wakimwita Bundi na mimi nikawa napigana kila wiki. Kwa hivyo siku daktari aliposema, "Mama, shida ni kwamba macho yako ni madogo mno," nilidhani ameshika faili ya mtu mwingine.

Kumbe miwani ndiyo ilikuwa inatudanganya. Miwani ya namba za kujumlisha hukuza kila kitu, hata macho yaliyo nyuma yake.

Jicho la mtu mzima kwa kawaida lina urefu wa karibu milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Likiwa kama milimita 20 kwenda chini, na halina kasoro nyingine, madaktari huliita nanofthalmosi. La mathe lilipimwa likawa 17. Noma ni kwamba lenzi iliyo ndani haikupunguzwa, ni ya saizi ya kawaida. Fikiria umehamia bedsita ya Pipeline na makochi yote ya shosho. Mlango utafunguka kweli?

Ndani ya jicho kuna mlango pia. Ni kona nyembamba pale ile pete ya rangi inapokutana na kioo cha mbele. Maji yanayotengenezwa ndani ya jicho kila wakati hutokea hapo. Lenzi ikisukuma pete mbele, kona inazibika, maji yanabaki, presha inapanda na neva inayopeleka picha kwa ubongo inakufa. Hiyo ndiyo glakoma, wengi wetu tunaiita presha ya macho. Neva ikifa hairudi. Na kwa vile lenzi hunenepa jinsi mtu anavyozeeka, wengi wenye macho haya hushikwa wakiwa kati ya miaka 40 na 60.

Mathe alikuwa na 46. Alilalamika kichwa, halafu akaanza kusema taa za matatu usiku zina upinde wa mvua. Tukacheka. Mimi ndiye nilitumwa kemisti kununua dawa za maumivu, zaidi ya mara kumi. Tulipofika kliniki ya macho, presha ya jicho la kushoto ilikuwa 44, na ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Jicho hilo lilikuwa limeenda tayari. Mimi nikaacha kampasi mwaka wa pili, karo ikawa nauli na dawa. Sisemi ili nihurumiwe, ndivyo hesabu ilivyokuja.

Likabaki la kulia. Mimi nilitaka lipasuliwe siku hiyo hiyo. Daktari akakataa, na tulikaribia kukosana.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Upasuaji wa kawaida wa glakoma ni kufungua njia mpya ya maji kwenye ukuta mweupe wa jicho. Kwa jicho dogo, ukuta huo ni mnene kupita kiasi, unabana mishipa ya damu inayopita ndani yake. Ukifungua ghafla na presha ishuke kwa kishindo, majimaji yanavuja chini ya retina na kuiinua, au mshipa unapasuka damu ijae ndani. Wakati mwingine maji yanageuza njia, yanaenda nyuma na kusukuma kila kitu mbele, presha inarudi juu kuliko mwanzo. Robert Brockhurst, daktari wa Boston kule Marekani, aliandika kuhusu macho haya na uvujaji huo mwaka wa 1975, na bado madaktari huyaogopa. Mtu anaweza kuingia chumba cha upasuaji akiona na atoke haoni.

Kwa hivyo wanaenda polepole. Kwanza matone na vidonge. Kisha leza, kitundu kidogo kwenye pete ya rangi ili maji yapate njia ya mkato. Kwa mathe leza ilisaidia miezi michache tu. Hatua iliyofuata ilikuwa kutoa hayo makochi yenyewe, yaani kuondoa lenzi na kuweka ya bandia, ambayo ni nyembamba zaidi. Hapo tena tukakwama. Lenzi ambazo hospitali nyingi huweka ni za nguvu ya 20 na kitu. Jicho la mathe lilihitaji zaidi ya 40, ikabidi iagizwe. Tulisubiri wiki saba, na kila asubuhi nilimwuliza anaona vidole vingapi.

Siku ya upasuaji walimtundikia dripu ya kushusha presha kabla ya kumgusa. Pia walikata vidirisha viwili kwenye ukuta mweupe ili majimaji yakivuja yapate pa kutokea. Saa mbili nzima sikukaa chini.

Presha sasa ni 16, na bado anaweka matone jioni. Anashona, ila uzi kwenye sindano naingiza mimi.

Macho kama haya mara nyingi hutembea na familia. Yangu yalipimwa yakawa sawa. Ya dadangu mdogo, aliye Kidato cha Tatu na miwani kama ya mathe, ni milimita 18. Haumwi popote. Daktari alimwekea kifaa kidogo chenye kioo juu ya jicho, akaitazama ile kona na kusema imebana, wasingoje. Kama nawe unavaa namba kubwa za kujumlisha tangu utotoni, omba upimwe kona hiyo, usipimwe miwani pekee.

Leza yake ni Alhamisi. Ameniuliza kama inauma. Nimemwambia amuulize mathe.