Vitabu Navyo Vishikwe kwa Mkono

Afikaye mwalo wa Katonga wakati dagaa wamekwisha kukauka ataona jinsi mnunuzi afanyavyo kazi yake. Haanzi kwa kuuliza bei. Huchota dagaa kiganjani, huwanusa, hutafuna mmoja, kisha huwarudisha waliosalia na kwenda kwa muuzaji wa pili. Aweza kuzunguka saa nzima asinunue kitu, wala hapana amwambiaye, "Kama hununui, tupishe." Mwenye dagaa ajua ya kuwa mtu aliyekatazwa kugusa hanunui.

Mambo ni mengine katika maduka mengi yaitwayo ya vitabu mijini mwetu. Pana kaunta, nyuma ya kaunta pana muuzaji, na nyuma ya muuzaji, juu ukutani, ndipo vilipo vitabu, vimetupa migongo. "Unataka kitabu gani?" Swali hilo ni la adabu, lakini humfukuza mtu. Ajuaye jina la kitabu amekwisha kukipata nusu. Sisi tunamsemea yule asiyejua, ambaye angependa kukutana na kitabu kama mtu akutanavyo na rafiki njiani. Hatuwalaumu wenye maduka hayo. Madaftari na vitabu vya shule huuzika kila Januari, bali riwaya haina msimu, na kodi ya pango haingoji.

Duka tulilolipenda kuliko yote tulilikuta mbali na ziwa letu, mjini Dar es Salaam, katika Barabara ya Samora: duka la Tanzania Publishing House. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1966, nalo ni miongoni mwa waliokitoa kile kitabu mashuhuri cha Walter Rodney, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kielezacho jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma, kilichotoka mwaka 1972. Ndugu Walter Bgoya, aliyeliongoza kwa miaka mingi, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Lakini tuseme kweli, si historia iliyotuingiza mle mwaka 2022. Tulikuwa tumeshuka katika treni, tumechoka na safari ya zaidi ya kilomita 1,200 toka Kigoma, na mlango ulikuwa wazi.

Tulikwenda kutafuta kamusi. Kamusi ilikuwapo, tukaiona, tukaiacha palepale, tukaanza kutangatanga. Raha yenyewe ndiyo hiyo. Unavuta kitabu, unasoma ukurasa wa kwanza, unakirudisha, jirani yake anakuita kwa jalada lake, unasahau miguu. Kando yetu alisimama kijana mmoja akisoma huku midomo yake ikicheza, naye alikuwa hapo tulipoingia, na alikuwa hapo tulipotoka. Hakuna aliyemgusa bega. Wako watu wasemao kwamba asomaye dukani bila kulipa ni mwizi. Sisi twaona ni mteja ambaye bado hajapata mshahara.

Katika kutangatanga huko ndipo mkono wetu ulipoangukia *Peponi*. Hiki ni kitabu cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, nacho kikangoja miaka 28 hata Bibi Ida Hadjivayanis akakileta katika Kiswahili. Tulikifungua katikati. Msafara wa biashara ulikuwa umetoka pwani, umepenya bara, unalielekea ziwa. Msomaji wa Kigoma asomapo habari kama hizo huwa hasomi hadithi ya watu wengine. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara hiyo, na miembe yake ingali inasimuliwa. Fedha hazikutosha vitabu viwili. Kamusi ilibaki.

Sasa turudi Katonga. Mtu atasema wavuvi hawana nafasi ya kusoma. Asemaye hivyo hajaishi ufukweni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawaifuati taa tena, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Na mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Miezi mitatu mizima! Watu walishona nyavu, walicheza bao, walikwenda mashambani, na wengine walikaa tu wakilitazama maji. Nafasi ilikuwapo, rafu haikuwapo.

Hatuombi jumba. Ubao, misumari, paa la kuzuia mvua, na vitabu ishirini vya Kiswahili pembeni mwa kibanda cha chai vingetosha kuanzia, mradi mwenye kibanda akubali jambo moja gumu: vishikwe. Vitachafuka, ndiyo. Vitapata alama za mawese na harufu ya dagaa. Kitabu cha namna hiyo auze kwa bei nafuu, naye atashangaa jinsi kitakavyotoka upesi kuliko vile safi.

Twalisema hili kwa sababu tulilijaribu bila kukusudia. *Peponi* yetu tuliiacha juu ya mkeka katika siku za mbalamwezi, tukaenda kununua sukari. Tuliporudi, mzee mmoja alikuwa ameishika, anawasomea wenziwe, nao wanabishana juu ya njia ya msafara. Akaomba aimalize. Kwake ikapita kwa mkwewe, toka kwa mkwewe ikapanda mtumbwi. Mara ya mwisho tuliposikia habari zake, ilikuwa Kibirizi.